Kula na Mtu Usiyemjua

Jumamosi moja baada ya mafundisho, kijana mmoja wa wakatekumeni wetu hapa Salamabila alibaki nyuma wenzake walipokwenda zao, akatuuliza neno. Alisema, "Mwalimu, mtu akinikaribisha chakula nami nina njaa, nikamjibu, 'Asante, nimeshiba,' je, nimefanya dhambi?"

Tukamwuliza ni nani aliyemjibu hivyo. Akasema ni watu aliokuwa nao juu ya lori, akitoka Kasongo. Lori lilikwama matopeni siku mbili. Wenzake waliinjika sufuria kando ya njia, wakapika ugali na sombe, wakamwita. Yeye hakuwajua hata mmoja. Akasema ameshiba, akaenda kukaa chini ya mti peke yake, na siku ya pili akafanya vile vile. "Niliogopa, mwalimu," akasema. Hakuwa na haja ya kutueleza aliogopa nini. Kila mzazi wa kwetu humwambia mwanawe anayefunga safari: angalia, usile kwa watu usiowajua.

Hatukumjibu siku ile. Tulimwambia tutafikiri kwanza. Kweli tulikuwa na sababu yetu ya kutojibu upesi, nayo tutaisema mbele kidogo.

Sisi watu wa Maniema twajisifu sana kwa ukarimu wetu. Mgeni akibisha hodi usiku, mama wa nyumba ataamka na kuwasha moto, na kuku wa mwisho atakimbizwa mpaka akamatwe. Jambo hilo ni jema, na wala si letu tu. Maandiko Matakatifu yatusimulia jinsi Abrahamu alivyowakimbilia wale wageni watatu pale Mamre, jua likiwa kali, akawapa maji ya miguu, na maandazi, na ndama laini. Lakini tukichungua vizuri tutaona kwamba mwenye nyumba hana hofu kubwa. Nyumba ni yake, sufuria ni yake, wanawe wako karibu, na akipiga kelele majirani watasikia. Mgeni ndiye aliye mikononi mwake. Tena kutoa kuna utamu wake, maana anayetoa hujiona mkubwa kidogo kuliko anayepokea. Hata ile methali ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, ni methali ya mwenye nyumba. Hakuitunga mgeni.

Safarini mambo hugeuka. Juu ya lori, au ndani ya chombo cha majini, hakuna mwenyeji. Wote ni wageni, na kila mmoja ana kifurushi chake alichofungiwa nyumbani. Basi nani atamkaribisha nani? Hapo kula na mwenzako si kutoa tu. Ni kujitia katika mikono ya mtu ambaye hukumchagua, aliyewekwa kando yako na nauli yake tu.

Yako mataifa ambayo jambo hili wamelifanya kuwa starehe. Katika zile meli kubwa za bahari ziwachukuazo watu wenye fedha kutembea tu, bila kazi wala biashara, ilikuwa desturi tangu zamani, na katika meli nyingine bado iko, kwamba msimamizi wa chumba cha kulia humpa kila abiria namba ya meza. Watu sita au wanane wasiojuana huketi pamoja jioni zote mpaka safari iishe. Wengine hupata marafiki wa maisha. Wengine humwendea msimamizi kwa siri, siku ya pili, wakimsihi awahamishe. Siku hizi meli nyingi humwacha abiria aketi apendapo. Hatuwacheki, maana kusikiliza majivuno ya mtu mmoja kwa jioni kumi si kazi nyepesi. Lakini tofauti yao na sisi ni hii: kila mmoja wao ana sahani yake, na mpishi ni mmoja kwa wote. Wakichukiana, huchukiana kwa ajili ya maneno. Hakuna amwogopaye jirani yake kwa sababu ya mboga.

Katika ziwa letu la Tanganyika watu wengi wamepata kusafiri kwa meli Liemba, ile iliyojengwa na Wajerumani mjini Papenburg mwaka 1913 na kuletwa Kigoma vipande vipande. Walipoanza kushindwa vita, mwaka 1916, waliizamisha wenyewe. Waingereza wakaiopoa, nayo ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina hilo la Liemba. Ndani yake pia meza zilipangwa, ila zilipangwa na tikiti. Abiria wa daraja la kwanza walikuwa na chumba chao cha kulia. Wa daraja la tatu walikula chini, kati ya mizigo. Mtakatifu Yakobo aliwakemea wakristu wa kwanza kwa ajili ya viti vizuri walivyompa tajiri, na twadhani angekuwa na neno la kusema humo melini. Lakini mwaka 1997 meli hiyo hiyo ilitumiwa kuwarudisha kwao maelfu ya wakimbizi wa Kongo waliokuwa wamevuka ziwa kwa sababu ya vita. Mkimbizi hana daraja. Hukaa palipobaki nafasi, na jirani yake ni yeyote aliyesukumwa hapo.

Sasa tutasimulia habari yetu wenyewe.

Mwaka 2019 tulikuwa tukirudi kutoka Kalemie. Tuliambiwa njia ya nchi kavu si njema wakati ule, basi tukapanda boti la mbao lenye injini mpaka Baraka, tukitumaini kupata lori la kupita Fizi na Lulimba hata kwetu. Boti lilijaa. Yalikuwamo magunia ya unga, madumu ya mafuta ya mawese, mbuzi wawili, na watu kadiri ya hamsini: Wabembe, Waluba, Wabangubangu, Washi, na wengine tusioweza kuwatambua. Jioni tukaongoza Rozari Takatifu. Wengi waliitikia, na ndugu zetu Waislamu walinyamaza kwa heshima mpaka tukamaliza. Tangu hapo chombo kizima kilituita mwalimu.

Usiku injini ikazima. Nahodha alihangaika nayo, akaipiga, akaisemesha, ikakataa. Tukabaki tunaelea. Hatukuona kitu ila taa za wavuvi wa ndagala, nazo zilikuwa mbali kama nyota.

Katika mfuko wetu tulikuwa na chikwanga mbili na ndagala za kukaanga tulizofungiwa Kalemie. Kando yetu, bega kwa bega, alikaa mama mmoja na mtoto wake wa miaka mitano hivi. Mbele yetu alikaa mzee wa kanzu, mtu wa Kasongo, na karibu yake vijana wawili ambao usemi wao ulituambia kwamba wanatoka upande wa wale waliochoma kijiji cha mjomba wetu. Hatutasema ni upande gani. Kila msomaji anao upande wake wa kuuogopa.

Yule mzee alifungua kifurushi chake, akatoa maandazi. Akauma moja kwanza, mbele ya macho yetu, akatafuna, akameza, ndipo akatuelekezea mengine. Tukasema, "Asante, mzee, tumeshiba." Wale vijana wakachukua, wakashukuru. Mama naye akachukua moja, akampa mtoto wake.

Saa sita ya usiku, tulipoona wote wamelala, tukageuka, tukawapa watu mgongo, tukafungua chikwanga. Msomaji ajua jinsi jani la chikwanga linavyolia. Tulilikunjua polepole, kama mwizi afunguapo mlango. Hata hivyo lililia, na mtoto akaamka.

Akasema, "Mama, nani anakula?"

Mama yake akajibu kwa sauti ndogo, "Lala, mwanangu. Ni panya."

Basi hiyo ndiyo sababu yetu ya kutomjibu kijana upesi. Mtu aliyekwisha kuitwa panya hawezi kuruka na kumhukumu mwenzake.

Tutazame sasa swali lenyewe. Twajua kutoka katika mafundisho kwamba uwongo ni kusema lisilo kweli kwa nia ya kudanganya. Lakini neno hili "nimeshiba," kwa watu wetu, mara nyingi ni adabu tu ya kukataa. Anayelisikia hadanganyiki, kama vile asivyodanganyika mtu anapouliza habari, naye mwenye homa akajibu, njema. Tena hofu hupunguza kosa. Na busara ni fadhila. Kanisa halimwamuru mtu ale kila anachonyoshewa na kila mkono. Akikujia mtu aliyekwisha kukutisha, au unayejua kwa hakika kwamba ana kisa nawe, kataa chakula chake wala usijisumbue katika roho. Kwa hayo, kijana wetu wa lori hana mzigo mkubwa.

Lakini liko kosa jingine lililojificha nyuma ya hilo, nalo twalisahau tunapojichungua kabla ya kuungama. Ni kumdhania mtu ubaya pasipo sababu ya kutosha. Na tuangalie ubaya wenyewe ni upi. Tukikataa chakula cha mtu kwa kuogopa sumu, hatumdhanii kuwa mchoyo au mchafu. Twamdhania kuwa mwuaji. Na kwa ushuhuda gani? Kwa usemi wake, kwa alama ya uso wake, kwa kuwa hatujui jina la baba yake. Mtu mwenye akili asingemshtaki mwenzake mbele ya hakimu kwa mambo kama hayo, lakini moyoni tumekwisha kumhukumu, na yeye bado ameunyosha mkono. Wala tusiseme dhana hii haidhuru kwa kuwa ni ya moyoni. Sote twajua vikongwe waliofukuzwa katika vijiji, wengine wakapigwa, wengine wakauawa, kwa sababu mtu alikula kwao Jumatatu akaugua Jumatano.

Wazee wetu hawakuicheka hofu hii. Waliijua, wakaitafutia dawa. Ndiyo maana anayempa mwenzake kinywaji hukionja kwanza yeye mwenyewe. Ndiyo maana pia watu hula katika sahani moja: mkono wangu na mkono wako huingia mahali pamoja, na kitakachonipata mimi kitakupata wewe. Yule mzee wa Kasongo alipouma andazi lake kwanza, alikuwa ameijibu hofu yetu kabla hatujaisema. Haikubaki sababu tena. Tulipokataa hatukuikataa sumu, maana sumu haikuwamo, nasi tuliona haimo. Tulimkataa yeye.

Tena liko neno jingine, nalo ndilo lililotuuma zaidi usiku ule. Haya, tuseme tuliogopa maandazi ya mzee. Je, chikwanga zetu tuliziogopea nini? Nani alikuwa ametia sumu ndani yake? Tulizifunga wenyewe. Twaweza kumkataza mtu mkono wake usiingie kwetu kwa hofu, lakini ni hofu gani ituzuiayo sisi kumpa? Hapo tuliona kwamba hofu ilikuwa shuka, na chini ya shuka umelala uchoyo. Kwa maana anayepokea andazi hana budi kuufungua mfuko wake, ama sivyo atatazamwa. Na anayesema ameshiba amejifungia mlango: hawezi tena kula mbele ya watu, wala hawezi kuwagawia, kwa kuwa ataonekana alidanganya. Itampasa kungoja giza. Neno moja dogo, la adabu, latosha kumtenga mtu na wenzake hamsini katika chombo kimoja.

Wako watakaotuuliza habari za wale wasiokula tunachokula sisi. Hilo si gumu. Katika Kasongo na Kabambare tumekaa na Waislamu tangu siku za misafara, na tumeona mkristu mwenye karamu akimwita jirani yake Mwislamu aje achinje mbuzi, ili wote wale bila wasiwasi. Mtume Paulo alikwisha kuwaandikia Wakorinto, kwa habari ya nyama, kwamba ni afadhali kuiacha kuliko kumkwaza ndugu. Anayejua kwamba mwenzake hali kitu fulani, asikilete katikati. Yatosha.

Lakini wako wengine, nao wana haki, watakaosema: mwalimu, wewe watufundisha upole, na watu wa dunia hii si wapole. Yuda naye alichovya katika bakuli moja na Bwana Wetu. Ni kweli. Sahani moja si dawa ya kila kitu, na hatutaki kumdanganya mtu. Hebu tusome vizuri ile safari ya Mtume Paulo katika Matendo ya Mitume, sura ya ishirini na saba, kwa kuwa hakuna mahali pengine katika Agano Jipya paelezwapo safari ya majini kwa urefu kama hapo.

Paulo alikuwa mfungwa anayepelekwa Roma. Melini walikuwamo watu 276: mabaharia, askari, wafungwa, na wachache walio rafiki zake. Hawakuwa na dini moja. Dhoruba iliwachukua siku kumi na nne, na muda huo wote hawakula kitu. Mabaharia hata walijaribu kutoroka kwa mashua ndogo na kuwaacha wengine wafe. Basi karibu na mapambazuko Paulo akawasihi wote wale. Akatwaa mkate, akamshukuru Mungu mbele yao wote, akaumega, akaanza kula. Twaomba msomaji aangalie kwamba alianza yeye, mbele ya macho yao, kama yule mzee wetu. Ndipo wote wakachangamka, wakala nao.

Na baada ya hapo? Meli ilipokwama karibu na kisiwa cha Malta, askari walifanya shauri la kuwaua wafungwa wote, mmoja asije akaogelea na kukimbia. Ni askari wale wale, na mkate wa asubuhi ile bado ulikuwa matumboni mwao! Jemadari wao Yulio ndiye aliyewazuia, kwa kuwa alitaka kumponya Paulo. Mt. Luka hakuficha jambo hilo. Angeweza kuishia kwenye mkate, na habari ingekuwa tamu zaidi. Lakini alijua, nasi twajua, kwamba mtu aweza kula nawe asubuhi na mchana akakutafutia upanga. Paulo naye hakuwa mtoto. Alikuwa amekwisha kupigwa, na kufungwa, na kuvunjikiwa na meli mara tatu kabla ya hapo, kama alivyowaandikia Wakorinto. Alijua ni watu gani waliomzunguka, akaumega mkate hata hivyo. Hakungoja kwanza wawe wema.

Jina la mji wetu huwafanya wageni wacheke. Hutuuliza, "Salama bila nini?" Nasi twawajibu kila mmoja kwa mzaha wake. Lakini tukiwatazama wachimbaji hapa, waliokuja kutoka pande zote kwa ajili ya dhahabu ya Namoya, wamebanana kwenye benchi moja ya mama muuza maharagwe, kila mtu akimtazama mwenzake kwa pembe ya jicho, twaona kwamba swali lile la wageni si mzaha tupu. Wengi wao wana kisa na watu wa upande fulani. Hata hivyo njaa huwaketisha, na chumvi moja hupita kutoka mkono hata mkono.

Jumamosi iliyofuata tulimjibu kijana wetu. Tulimwambia asiwe na wasiwasi sana juu ya lile neno alilolisema. Ila ajichungue aliwadhania nini wale watu wa lori, na katika mfuko wake mwenyewe kulikuwa na nini. Akainamisha kichwa. Akasema kulikuwa na karanga, naye alizila chini ya mti. Ndipo tukamsimulia habari ya chikwanga. Alipofika kwenye panya alicheka sana, kisha akaacha kucheka. Akauliza, "Na asubuhi ikawaje?"

Kulipopambazuka injini ilikuwa bado imekufa. Yule mama alifungua kitambaa chake. Ndani yake vilikuwamo viazi vitamu vitatu vya kuchemsha. Hivyo ndivyo alivyokuwa akivitunza usiku kucha, hali mtoto ana njaa, maana hakujua tutafika lini. Kimoja akampa mtoto. Cha pili akakivunja, akawapa mzee na wale vijana. Cha tatu akakivunja tena, akauma kidogo upande wake, na nusu ya pili akatunyoshea sisi.

"Mwalimu, karibu."

Ulimi ulikuwa umekwisha kuzoea. Tukasema, "Asante, mama, tumeshiba."

"Najua," akasema. "Lakini karibu."

Tukapokea. Kilikuwa kimepoa, nacho kilikuwa kitamu. Kisha tukautoa mfuko, tukaweka chikwanga iliyobaki na ile tuliyoianza, pamoja na ndagala, juu ya gunia la unga katikati yetu. Mzee alisema Bismillahi, nasi tukafanya ishara ya msalaba. Wale vijana wawili walisogea. Mmoja wao alimenya jani kwa mkono mmoja, upesi, likalia. Mtoto akaliangalia lile jani, akatuangalia sisi, kisha akamwangalia mama yake, akafungua kinywa.

"Kula," mama akamwambia. "Usiseme na chakula mdomoni."